Kadi Zenye Muhuri wa Kajiado

Edmonton, Kanada

Mdogo wangu Wairimu,

Kadi zenu hazikupotelea posta. Niko nazo hapa, zote, kwenye sanduku langu la nguo chini ya ile suti ya kijivu. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitapata mahali pa kujificha tena.

Sasa nikuulize. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Kitengela? Yule ng'ombe alizaa salama? Mimi moyo umechoka. Daktari alimweleza binti yangu Nyokabi kwa Kiingereza cha haraka, akidhani mzee hatashika, na hiyo lugha ndiyo niliyofundisha maisha yangu yote. Nilishika kila neno. Kwa hivyo naandika sasa, wakati yeye yuko kazini na mkono bado unanitii.

Unakumbuka kaunti ilipoitisha kikao cha maoni, uwanja wetu wa mtaa ugeuzwe ploti ama ubaki wa watoto. Ukakusanya akina mama kwa veranda yako, mkakata makatoni ya majani chai, mkachora kadi moja ya mwaliko kwa kila jirani. Nilikuambia utume ujumbe wa simu. Ukanijibu, "Ujumbe wa simu mtu anafuta akiwa chooni. Lakini barua iko na jina lake na muhuri, huyo atavaa viatu aje." Jirani yako Naserian alishona shanga kwenye pembe za kila kadi. Mimi nikachora mbuzi, naye akasema, "Mwalimu, huyu anafanana na chifu. Tuletee mwingine asiye na kitambi." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ni wewe uliyetaka muhuri wa Kajiado, ndio mtu aone ni kama ameitwa na kaunti yenyewe. Naserian alikuwa anaenda huko siku ya soko la mifugo, akabeba mfuko wa kadi azitie posta.

Majirani wengi hawana sanduku la posta. Barua zao hupitia sanduku la shule, na ufunguo nilibaki nao hata baada ya kustaafu. Kila Jumapili baada ya ibada nilisimama uani nikisoma majina. Kadi zilifika Alhamisi. Nilizitia kwenye mkoba wangu, na Jumapili nikasimama pale pale nikasema, "Wiki hii hakuna barua."

Jumanne ya wiki hiyo Lemayian alikuwa amenitembelea. Nilimfundisha kusoma, na sasa ni mkubwa kwenye kamati ya ardhi. Aliinamisha kichwa nikamgusa, vile Wamasai husalimu wazee wao, akaniita baba. Akasema pembe moja ya uwanja itajengwa maktaba, na jina langu litaandikwa juu ya mlango, mradi kikao kiwe shwari.

Kikawa shwari. Watu walijaa benchi mbili. Ikaandikwa kwamba wakazi hawana pingamizi, na kabla ya mvua ukuta ukawa umesimama. Maktaba hakuna. Nilimpigia Lemayian, akasema, "Mwalimu, hayo mambo yalishapita," akakata. Nikapanda basi mpaka ofisi yake Kajiado, nikakaa kwenye benchi ya wageni asubuhi nzima. Akatokea mlango wa nyuma. Watu wamenidanganya katika maisha haya, Wairimu, lakini hakuna mwingine aliyeniinamishia kichwa kwanza.

Lakini mimi nilifanya baya zaidi. Nilikuwa nimekaa hapo kwa veranda ulipomwambia Naserian, "Ulizitupa sokoni, kubali tu." Akasema, "Nilizifikisha dirishani, Mama Njoroge. Niliona zikigongwa muhuri." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mwambie. Wewe unanijua." Nikavua miwani nikaanza kuipangusa. Niliipangusa mpaka akaondoka, na hakurudi kwako tena.

Nyokabi atakuja Desemba. Atakuletea barua hii na kadi mkononi, maana sikutaka zipitie kwenye lile sanduku. Moja haina shanga, ilichomoka safarini. Nakuomba usimame uani baada ya ibada usome majina, kila mtu apewe yake. Anza na la Naserian. Aone muhuri, na watu wote wauone.

Msalimie shemeji yangu, umwambie redio yangu sasa ni yake. Msalimie mke wa mchungaji, na fundi wa viatu hapo stendi aliyenitengenezea hivi ninavyovaa. Naserian sina salamu zinazomfaa, lakini mfikishie jina langu.

Mimi kaka yako,
Ndirangu

Nilikuwa nimeshatia sahihi, nikaisoma tena. Mtu akiisoma atadhani Lemayian ndiye aliyenituma. Jumanne ile aliniomba kitu kimoja tu, nisisimame kuzungumza kwenye kikao. Hakujua kwamba kuna kadi. Hakuna mtu aliyeniambia nizifiche, Wairimu. Nilifungua sanduku la shule nikiwa peke yangu, nikayasoma majina yote, na wazo lilikuwa langu.