Theluji ya Mama Simel

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Nimepata ukuta wa kuchora! Si ng'ombe wa bucha tena — mlima mzima. Mama Simel anafungua hoteli yake ya chai pale Kisaju Jumamosi. Jina ni Oldoinyo Oibor, mlima mweupe, vile Wamaasai wanavyouita Mlima Kilimanjaro. Anautaka karibu na mlango, na nitatia sahihi chini: D. Wakhungu. Nimerudi nyumbani Noonkopir nikiimba.

Jumanne, 11 Novemba
Theluji nimeiteremsha mpaka mabegani mwa mlima, kama Mama alivyoagiza. Anasema ilikuwa hivyo mwaka alioletwa hapa akiwa bibi harusi, kila asubuhi ikimuumiza macho. Kisha mwanawe Simel akaja. Akaangalia ukuta, akaangalia kusini. Mawingu yalikuwa yamepanda, mlima unaonekana.

"Dolphine, hii yote iko wapi sasa? Customer watatucheka."

Kweli, huko juu kumebaki vipande tu, kama povu pembeni ya karai. Mama alienda kuangalia maziwa.

Alhamisi, 13 Novemba
Simel ameshinda. Nimefunika theluji kwa kijivu, nikaacha vipande. Imeniuma kuliko nilivyodhani. Mama akaniletea chai, akauliza kama sasa abadilishe jina la hoteli. Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Mimi na mdomo wangu.

Mvua kubwa jioni.

Jumamosi, 15 Novemba
Nilikuja mapema kuweka sahihi tu. Nimemkuta Mama nje, shuka mabegani, anacheka peke yake. Mvua imeosha anga na mlima uko wazi — mweupe mpaka mabegani! Nimepiga kelele kama mtoto.

Simel anamweleza kwamba hii ni theluji ya kupita, ikipigwa na jua inaisha leo leo. Mama amemjibu kwamba anajua, ameutazama huo mlima tangu Simel hajazaliwa. Halafu akanigeukia.

"Nkerai, mwanangu, leta ile nyeupe."

Simel mwenyewe amekimbia kuazima ngazi tena. Naandika nikimngoja, brashi mkononi. Wateja wa kwanza wametoka nje na vikombe vyao. Rangi imebaki ya chini ya kopo, sijui kama itafika mabegani. Mama amesema niache kuandika, nianze na pale ninapofikia kwa mkono. Jua limeshapanda.