Pombe ya Shamba la Kijiji

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Kintinku hatujambo. Babu yako amepona mguu, ameanza tena kugombana na mbuzi.

Unauliza kama ni kweli alivyowafundisha mwalimu wenu, kwamba binadamu husukumwa na njaa na kiu. Wakati wa Ujamaa, magugu yalilimeza shamba la kijiji kwa sababu watu hawakwenda kulima. Zamani mtu akiita majirani wamlimie, aliwapikia pombe ya mtama. Basi mwenyekiti wetu akasema, "Kumbe wanataka pombe!" Akaamuru ipikwe. Tukaenda wote, tukalima kidogo, tukanywa, tukaondoka.

Mwenyekiti alikuja juu kwelikweli. Mjane jirani yetu akamjibu, "Nikimlimia jirani, najua kesho atakuja kwangu. Hapa nikiugua, nani atanilimia?"

Asubuhi yake tukamkuta mwenyekiti kwenye shamba la yule mjane, analima peke yake. Tukachukua majembe, tukamsaidia mpaka likaisha. Wiki hiyohiyo tulipalilia shamba la kijiji lote, na pombe haikupikwa.

Mwambie mwalimu wako kwamba kiu tulikuwa nayo. Tulikunywa maji.

Bibi yako