Kiti cha Watu Wawili

Jumapili jioni

Bado nina hasira na Mutiso, fundi wa viti. Nilimpelekea kiti cha pikipiki yangu ya zamani ya mbio za motokrosi pale Shauri Moyo akishone upya, akanirudishia kiti kirefu cha bodaboda, na nyuzi nyekundu zikining'inia pembeni. "Mzee, nimekuongezea nafasi ya kastoma," akasema, akitabasamu kama aliyeniletea zawadi. Nikashindwa kumgombeza. Miaka miwili nimekuwa nikiifufua hii pikipiki, kipande kwa kipande, na mbio zenyewe zilikuwa leo. Kiti cha bodaboda!

Basi nikashindana nacho hivyo hivyo. Vijana walicheka pale mwanzoni. "Buda, leo unabeba nani?" Nimemaliza wa mwisho. Lakini nimemaliza. Wiki nzima niliogopa kwamba sitaweza, na sikumwambia mtu.

Mke wangu, Mama Kioko, hajaigusa pikipiki hii tangu niangushwe nayo nikavunjika bega la kulia, watoto wetu wakiwa bado wadogo. Hata kuja kutazama leo alikataa. Nilipoishusha kutoka kwenye pikapu hapa Buruburu, alitoka na leso yake kiunoni, akakikagua kiti, akauliza, "Na huku nyuma ni kwa nani?"

Nikaiwasha. Akapanda.

Tulizunguka nyumba za mtaa wetu mara moja, polepole. Alinishika bega la kushoto. La kulia hakuligusa, hata tulipopita kwenye matuta.