Yupo, Amehama

Shangazi Emiliana, shikamoo.

Nakuomba haya yabaki kwako. Hata baba asiyajue. Ukishasoma, choma.

Mimi ni mzima. Upepo bado unaleta vumbi hadi mezani kwangu. Mtaa unaoizunguka shule umegeuka ofisi na nyumba za wageni. Familia zimehamia viwanja vipya Mkonze. Lakini mkuu wa shule ananiambia, "Karani, usifute jina. Tukipungua, watatuunganisha na shule nyingine." Kwa hiyo kila asubuhi, kwenye daftari la mahudhurio, naandika "yupo" kwa watoto kumi na tisa waliohama. Wakati mwingine, nikiandika, nasikia madawati yakivutwa, na mtu anacheka dirishani. Nikiinua macho, ni pazia tu.

Jumanne mama yake Evelina, mmoja wa hao kumi na tisa, alikuja mara ya nne kuomba barua ya uhamisho. Shule za huko hazimpokei mtoto bila barua hiyo, na mkuu hataki kuitoa.

"We binti," akasema, "kwenye daftari lako mwanangu anasoma. Kwangu anachunga mbuzi tangu Januari. Yupi ndiye wangu?"

Jana, mkuu akiwa kikaoni, niliandika barua zote kumi na tisa, nikasaini kwa niaba yake, nikagonga mhuri, nikampa yule mama akazigawe.

Leo daftarini nimeandika "amehama" mara kumi na tisa. Mkuu atalifungua Jumatatu.

Usinipigie tena simu ya ofisini. Piga kwa Lea ninayekaa naye chumba kimoja, baada ya saa kumi na mbili jioni. Muulize kwanza kama nimerudi.

Mwanao,
Frida