Msimamizi Mpya wa Karakana

Dada yangu mpendwa,

Huku watoto hawajambo, na kitinda mimba wangu ameota meno mawili, anang'ata kila anayemchekea. Usishangae mwandiko huu, natumia mkono wa kushoto. Mama mwambie niliteleza bafuni.

Jumatatu niliteuliwa kuwa msimamizi wa karakana ya halmashauri. Fundi breki, aliyekimezea mate cheo hicho, akasema mbele ya wote, "Mwanamke, tena wa kabila lile! Wanaume wetu wameisha?"

"Kaka, gari la zimamoto linakusubiri," nikamjibu.

Watu wakacheka, naye akapandwa na mori. Alinipiga kwa spana, mfupa wa mkono ukalia kama kuni kavu. Nilipoanguka akanikanyaga mbavu huku akiutukana ukoo wetu mzima. Mafundi wakatazama tu, mikono mifukoni. Aliyemvaa ni mchomeleaji, mtu wa kabila lake mwenyewe. Alimkaba koo mpaka akalegea, akamwambia, "Mguse tena, uone."

Jioni wenzake wakamwita msaliti, wakampasua kichwa kwa nondo nje ya lango.

Sasa meneja anataka kutuhamisha sisi wawili, eti kwa usalama wetu. Fundi breki yuko kazini, anapiga miluzi. Mimi nimekataa, na mchomeleaji naye amekataa, na nyuzi zake kichwani. Kesho tutaingia pamoja kwa lango lilelile.

Naogopa, Dada. Lakini wakizoea kututoa kwa mateke, hakuna binti yetu atakayekanyaga pale tena.

Mdogo wako,
Msimamizi wa Karakana