Sufuria ya Kona ya Pili

Dada Zuhura,

Sufuria yako ninayo mimi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya salamu. Kaka yako Athumani alikuja chumbani baada ya mazishi akafungasha vitu vyako vyote viende Malindi na mizigo ya bandari ya Hamriya: mabuibui, leso, blanketi ulizomnunulia mama, hadi chupa ya chai. Alipoifikia sufuria, nikaikalia. Ndiyo, niliikalia, na sare yangu ya ulinzi mwilini. Akauliza, "Sufuria yenyewe imebonyea hivi, ya nini?" Nikamwambia hii si ya kupikia, ni ya mbio. Akanitazama vile alivyokuwa akikutazama wewe, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Sikuja kukuzika. Ulisema kichwa kinauma, ukaenda hospitali kwa miguu yako, ukaacha wali jikoni. Presha, wakasema. Ulifariki asubuhi, alasiri ukazikwa, na mimi nilikuwa mlangoni pa maduka ya watu nikiwaambia wateja wazime sigara. Msimamizi wangu alisema mtu wa chumba kimoja si ndugu, kwa hiyo hakuna ruhusa. Na hata ningekuja, Mkristo wa Bungoma, tena mwanamke, wangeniweka wapi pale makaburini? Basi nimelia kwenye basi, nimelia chooni, nimelia mbele ya kamera za ulinzi ambazo anayezitazama ni mimi mwenyewe.

Kitanda chako kilipata mtu kabla ya arobaini. Hapa Uarabuni, mtaani kwetu Discovery Gardens, kitanda hakikai matanga, wajua. Ni msichana wa Arusha, mpole, jina lake Neema. Wiki ya kwanza akasonga ugali ndani ya sufuria yako. Nilimfokea hadi jirani akagonga ukuta. Baadaye nikamweleza, akaomba radhi, tukaula ule ugali kwa sababu chakula hakitupwi. Ulikuwa na mchanga.

Nikacheka, dada. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu uondoke.

Wakumbuka tulivyoingia kwenye balaa hili? Wasswa, yule Mganda wa kupeleka chakula kwa pikipiki, alikuletea biriani ofisini kwenu, pale mnapopokea mizigo, akakwambia kwamba Ijumaa huwa anashindana kwa pikipiki isiyo na breki. Ukanipigia simu palepale. "Nekesa, kuna chizi hapa. Ijumaa twende tukamwone kabla hajafa." Yeye yu hai mpaka leo, mzima wa afya, anakula kuliko watu wawili.

Tulifika kwenye kile kiwanja cha vumbi nyuma ya magereji, tukakuta watu wote wamejibana upande mmoja, na kona ya pili haina hata mtu. Tukafurahi sana. Tukasema watu wa mji huu hawajui kuchagua mahali. Pikipiki nne zikatoka, zikaja kona yetu, na kwa kuwa hakuna breki zikaikata kwa kuserereka ubavu, matairi ya nyuma yakitumwagia mchanga wote wa Uarabuni. Mdomoni, masikioni, ndani ya buibui lako. Nilikuwa natafuta pa kukimbilia. Wewe ulikuwa umesimama palepale, unatema mchanga na kucheka.

Halafu ukamwona Wasswa anapita peke yake na wale watatu wako nyuma yake wanamfukuza. Ukapiga kigelegele cha harusi, kirefu, cha Malindi, mpaka watu wa upande wa pili wakageuka. Kisha wakaanza kucheka. Kumbe Wasswa hakuwa mbele. Alikuwa wa mwisho, tena wenzake walikuwa karibu kumzidi mzunguko mzima. Mtu mwingine angejifunika uso akaenda kwao. Wewe ukasema, "Nishapiga. Kigelegele hakirudi mdomoni." Na alipomaliza ile mizunguko minne, wa mwisho, peke yake, wengine wameshavua helmeti, ukampigia cha pili.

Hapo ndipo sheria ya kona yetu ilipozaliwa. "Wa kwanza ana watu wake," ulisema. "Huyu wa mwisho ana nani?"

Na Nge, klabu ya Wasswa iliyogeuka yetu, ilikuhitaji kweli, maana walikuwa hodari wa kuwa wa mwisho. Mungu wangu, Nge! Pikipiki mbili nzima na moja ya kuombea dua. Waendeshaji wanaotoka kazini usiku na kushindana mchana. Fundi Rafiq, Mpakistani wa watu, akifunga injini kwa waya. Na mbele yao Shahini, vijana wa mjini, wenye vyombo vipya kila msimu, hata glavu zao zinafanana. Tulifungwa tukafungika. Tulifungwa na Shahini, tulifungwa na injini, siku moja tulifungwa na gari la maji lililokuja kulaza vumbi likageuza kona yetu kuwa shamba la mpunga.

Wanawake wenzetu wa jengo walitusema. Watu wanakwenda kupunga upepo kwenye maduka, ninyi mnakwenda kula vumbi. Uliwajibu vizuri: "Madukani naenda kutazama vya wenyewe. Kule nina changu." Nimelifikiria sana neno hilo. Hapa kila kitu ni cha mwenyewe, hata ufunguo wa chumba. Lakini Nge walikuwa wetu, na kushindwa kwao kulikuwa kwetu, na hakuna arbabu wala bosi mwingine aliyeweza kutunyang'anya.

Na ile siku tuliyoshinda! Mara moja tu, sijui Shahini walikula nini. Rafiq alilia huku amekumbatia tairi. Wewe ukamshika mkono ukamchezesha vugo, ngoma ya harusi ya kwenu, kulizunguka gari la maji, naye hajui vugo ni kitu gani, anarusha miguu tu. Nilipiga sufuria mpaka mwiko ukavunjika. Ndiyo siku ilipobonyea, ikiwa Athumani atakuuliza huko mbele ya haki.

Tuligawana kazi tangu mwanzo, wewe sauti, mimi sufuria. Hukuwahi kunilazimisha kupiga kigelegele. Ulijua mimi nalipwa kunyamazisha watu. Siku sita kwa wiki nasema samahani sir, samahani madam, punguzeni sauti. Koo langu lilikuwa limeshazoea.

Sasa sikiliza kilichotokea Ijumaa iliyopita, maana ndicho kilichonikalisha kuandika.

Joto limepungua, mbio zimeanza. Nilikwenda peke yangu, sufuria ndani ya mfuko. Kabla ya kuanza, yule mkuu wa uwanja tunayemwita Sir akanifuata kwenye kona. Alikuwa mpole, sitamsingizia. Akasema wamepanga kusimama kimya dakika moja kwa ajili yako. Nikashukuru. Kisha akasema, baada ya hapo, madam, sufuria ibaki mfukoni. Kuna mdhamini mpya, amekuja na familia yake, kuna spika na mtangazaji, wanataka mambo ya heshima. Khalas, mambo ya sufuria yalikuwa ya Zuhura, na Zuhura ametutoka.

Nikasema yes, sir. Ulimi ulijisemea wenyewe, kwa mazoea.

Wakasimama kimya. Nge, Shahini, mdhamini na watoto wake, wote vichwa chini. Mimi pia. Na ndani ya kile kimya, dada, nilikasirika. Nilikukasirikia kwa kufa, kisha nikawakasirikia wao. Kwa nini wewe ukumbukwe kwa kitu ambacho hukuwahi kukifanya hata siku moja? Hata usingizini ulikuwa unaongea. Lakini nilinyamaza, na spika ikaanza muziki, na mbio zikaendelea, na kona ya pili ikawa kama mlango ninaoulinda. Mchanga ukanipiga, sikusema kitu. Nge wakafungwa mbio ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wasswa akamaliza wa mwisho, akageuza shingo kutazama kona yetu. Hakusikia kitu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa nawe.

Ikafika mbio ya mwisho. Shahini wawili, Nge wawili. Shahini mmoja akaanguka, wakamtoa. Mwenzake akamaliza wa kwanza, na yule Nge wetu mwingine, Mfilipino, wa pili. Wasswa alikuwa nyuma sana, na alipotokea kona yangu kwenye mzunguko wa mwisho, injini ikakohoa ikazima. Mbele yangu kabisa. Ule waya wa Rafiq. Akashuka, akaanza kuisogeza pikipiki pembeni, nje ya njia, kama anavyofanya siku zote.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kanuni hii: ukiisukuma mwenyewe mpaka kwenye mstari, bila msaada, kabla refa hajafunga mbio, umemaliza. Aliyeanguka amekwisha toka. Nafasi ya tatu ilikuwa wazi, na nafasi ya tatu ina pointi moja. Ulikuwa ukisema, "Pointi moja ni pointi." Lakini ni nusu uwanja, mchanga unafika kifundoni, na chuma kile ni kizito. Nani asukume, kwa mechi iliyokwisha potea, mbele ya watu walionyamaza?

Nilitoa sufuria. Niliipiga mara moja, nikaona haitoshi. Nikafungua mdomo nikapiga kigelegele.

Kilitoka kibaya. Kilikatikakatika kama birika linaloanza kuchemka. Koo likaniuma, machozi yakanitoka, nikapiga kingine, na sufuria juu yake. Wasswa akainua kichwa. Akatazama kona. Akaigeuza pikipiki, akainama, akasukuma.

Dada, alisukuma! Akaanguka kwa magoti, akainuka, akasukuma. Mimi nikamfuata kwa nje ya uzio, nikikimbia na nguo zangu za nyumbani na leso yako kiunoni, ile ambayo Athumani hakuiona. Rafiq akaanza kupiga debe la mafuta. Mtoto mmoja wa mdhamini akajaribu kupiga kigelegele, kikashinda changu. Wasswa alivuka mstari akalala chali kwenye vumbi, na mtangazaji, hajui la kufanya, akatangaza pointi moja, Nge.

Tulifungwa vibaya. Sikumbuki kwa ngapi.

Sir akaja, uso mwekundu, akaanza kunikumbusha tulichokubaliana. Nikamwambia, "Sir, dakika yenu niliiheshimu. Hii ni ya kwetu." Akarudi kwa mdhamini wake. Sijui Ijumaa ijayo watasema nini. Wakizuia sufuria nitaleta kifuniko, na wakizuia kifuniko watanikuta nina viganja. Mimi ni mlinzi, najua jinsi watu wanavyotolewa mahali, na najua pia jinsi ilivyo vigumu kuwatoa wasiotaka.

Wasswa alikuja baadaye, helmeti mkononi, mchanga hadi kwenye kope. Tukakaa chini tukatazamana. Akasema, "Nilijua si yeye. Chake hakikuwa kinakatika. Lakini kimenitosha."

Basi hiyo ndiyo habari. Neema ananifundisha kupiga vizuri, kumbe Arusha nako wanajua. Tunafanyia mazoezi chumbani na jirani ameacha kugonga ukuta, nafikiri amekata tamaa. Ijumaa anakuja nami. Nimemwambia avae nguo asiyoipenda na asimame pale penye mchanga.

Nakuahidi hivi, dada yangu: siku zote nikiwa hai na nikiwa mji huu, hakuna wa mwisho atakayepita kona ya pili akakuta kimya.

Kwaheri, Zuhura. Umepiga vya kutosha. Lala, kelele niachie mimi.

Wako,
Nekesa