Mpaka wa Mama Odile

Mjukuu wangu Keza,

Nakusihi, haya usimsimulie mtu, kwa sababu wahusika bado tunasali nao. Sisi hatujambo, bibi yako amepona goti.

Umeniuliza kama niliwahi kuogopa kazini. Niliogopa sana, nilipokuwa karani mpya wa wapima ardhi wa serikali. Kule Kagugu, tajiri mmoja alikuwa amekata ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, uliomtenganisha na jirani yake mjane, Mama Odile.

"Chora mpaka upite kwake, nyuma ya jiko lake, kijana," akaniambia. "Mkubwa wako ananijua."

Lakini utaratibu ulitaka familia zote mbili zitembee mpakani kabla hatujachora, nami nikawaomba watembee. Mama mzazi wa tajiri alitangulia na fimbo yake. Alipofika penye visiki vya miyenzi, akasimama.

"Hodi kwa Mama Odile," akaita.

"Mama, pita tu," mwanawe akasema.

"Nipite kwa watu sijakaribishwa?"

Nikauchora mpaka pale aliposimama, penye visiki.

Ukija kwetu, shukia Kagugu, ufuate ule ua wa miyenzi, umeshachipua tena, hadi mwisho. Mlango wetu utaukuta wazi, lakini simama kwanza nje ya ua, ubishe hodi.

Babu yako